Askari wa nani? Zanzibar na wapiganaji wake wa zamani

Kiswahili cha Visiwani hakina neno moja la kumwita mtu aliyepigana vita akarudi nyumbani. Kuna mzee wa Keya. Kuna mzee wa Mapinduzi. Kuna "yule aliyekwenda Uganda", kuna afande mstaafu, kuna mtu wa vikosi, na siku hizi kuna kijana aliyetoka Kongo au Darfur akajenga. Barua za serikali huandika "mwanajeshi mstaafu" na kumaliza. Barazani haliishi hapo, kwa sababu kila jina kati ya hayo lina hukumu ndani yake, na hukumu hizo hazifanani.

Akitajwa mtu kuwa alikuwa askari, Unguja au Pemba, swali la kwanza si kama alikuwa jasiri. Swali ni: askari wa nani? Nani alimpa amri, na mbele ya bunduki yake alisimama nani? Aliyekuwa mbele akiwa mgeni aliyevuka mpaka, heshima huja yenyewe. Akiwa jirani wa mtaa wa pili, heshima hugawika, na mgawanyiko huo hurithiwa na wajukuu. Ndiyo maana anayeuliza "Wazanzibari wanawaonaje askari wao wa zamani?" hupata majibu matano, na yote huwa ya kweli.

Jeshi moja, safu mbili

Waongoza watalii wa Mji Mkongwe hupenda kusimulia vita vya tarehe 27 Agosti 1896: dakika 38 hivi, vifupi kuliko vyote duniani, manowari za Uingereza zikilipiga kasri la Sultani. Ufupi huo umefunika jambo zito zaidi. Khalid bin Barghash, aliyejitwalia kiti siku mbili kabla bila ridhaa ya Waingereza, alikuwa na watu wapatao 2,800 ndani na pembezoni mwa kasri. Nje, chini ya Mwingereza Arthur Raikes, walisimama askari wa Kizanzibari wapatao 900. Hao walikuwa wa jeshi lile lile la Sultani ambalo Lloyd Mathews alianza kulifunza mwaka 1877.

Kwa hiyo askari wa mwalimu mmoja walisimama safu mbili, kila safu ikiamini kuwa ndiyo inayomtumikia Sultani wa halali. Upande wa kasri kiasi cha watu 500 waliuawa au kujeruhiwa. Khalid alikimbilia kwa balozi wa Ujerumani. Leo hakuna familia inayojitapa kuwa babu yao alikuwa na Raikes, na ni chache zinazotaja kuwa babu yao alifia ndani. Vita vilivyoisha kabla chai haijapoa vimebaki hadithi ya wageni.

Keya, wapagazi na beni

"Keya" ni herufi tatu za Kiingereza, K.A.R., zilizotamkwa kwa ulimi wa Kiswahili: jeshi la Waafrika wa Afrika Mashariki chini ya maofisa wa Kiingereza. Kwa Zanzibar, Vita Kuu ya Kwanza iliingia kupitia bandarini. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus mbele ya mji. Mabaharia wa Pegasus walizikwa kisiwani Chapwani, na makaburi yao yapo, yana alama, na wageni huvuka kwa mashua kwenda kuyaona.

Wapagazi wana habari nyingine. Mwaka 1916 Askofu Frank Weston wa misheni ya Kianglikana ya Zanzibar alikusanya wapagazi Visiwani na kwenda nao bara mwenyewe. Mzigo wa kawaida wa mpagazi wa vita ulikuwa ratili 60, karibu kilo 27, juu ya kichwa, siku baada ya siku, kwa posho ya unga ambayo mara nyingi ilichelewa au iliwafika imeharibika. Waliokufa kwa risasi walikuwa wachache wakilinganishwa na waliokufa kwa malaria, kuhara damu na njaa. Kwa Afrika Mashariki yote, wapagazi waliokufa upande wa Waingereza hukadiriwa kufika 95,000. Jina la Kariakoo la Dar es Salaam limetokana na kikosi hicho cha wapagazi, ingawa anayenunua vitenge pale leo hana haja ya kujua.

Kwa nini hawana makaburi yenye majina? Si kwamba zilikosekana karatasi tu. Tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri mwaka 2021 kuwa wafu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao Waafrika wa Mashariki na Wamisri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ulikuwa uamuzi: mzungu apewe jiwe lake, mwenyeji apewe sanamu moja kwa niaba ya wote. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927 ikiwa na maneno ya Rudyard Kipling, ni tunda la fikra hiyo. Inaahidi kuwa wana watalikumbuka jina la aliyekufa, ilhali jina lenyewe halikuandikwa popote.

Zanzibar ilipata jengo. Beit el Amani ya Mnazi Mmoja, lile lenye kuba jeupe, lilichorwa na John Sinclair na kukamilika mwaka 1925 kuwa ukumbusho wa amani baada ya vita ile. Watu wa mjini wanaliita Makumbusho tu. Vizazi vya wanafunzi wa skuli vimepita pale bila kuambiwa kuwa jina la nyumba linawahusu watu waliobeba mizigo hadi kufa.

Wenyeji walikuwa na ukumbusho wao, nao ulikuwa wa kucheka. Ngoma ya beni, iliyoanzia pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 na kusambaa na askari na wapagazi, iliigiza bendi ya jeshi: matarumbeta, ngoma kubwa, mwendo wa gwaride, na vyeo vya kujipachika vya jenerali na kapteni katika vyama vilivyoshindana kwa mavazi na mashairi ya kejeli. Harusi ikipita na beni mitaani Ng'ambo hata leo, watu wanaona furaha ya bibi harusi. Ndani ya mdundo ule kuna jibu la zamani kwa swali letu: askari ni mtu wa kuigwa na kuchekwa kwa pamoja. Heshima na dhihaka havikutengana.

Vita ya pili iliwapeleka Keya hadi Bama (Burma, Myanmar ya leo). Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana huko mwaka 1944 kwenye bonde la Kabaw, katika mvua na matope. Tarehe 12 Februari mwaka huo huo meli ya Khedive Ismail ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives, ikazama kwa dakika chache na watu karibu 1,300, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Waliosalia walipolipwa kiinua mgongo, kiwango kilipangwa kwa rangi: mwananchi mweusi alipata kama theluthi ya alichopata mzungu wa cheo kile kile aliyetumikia hapo hapo. Mzee wa Keya kwa hiyo alirudi na mambo mawili, hadithi na kinyongo. Watu walizipenda hadithi. Kinyongo kiliingia katika siasa za miaka ya 1950.

Kisha ikaja Juni 1961. Ghasia za uchaguzi ziliua watu 68 Unguja, na Waingereza wakaleta askari kutoka Kenya, Keya wakiwemo, kutuliza mji na mashamba. Hapo Keya aliacha kuwa mzee anayesimulia habari za Bama. Akawa kijana mgeni mwenye bunduki njia panda. Tangu hapo picha ya askari Visiwani haijawahi kuwa moja tena.

Ziwani

Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Disemba 1963 bila ya kuwa na jeshi. Ulinzi wote ulikuwa mikononi mwa polisi, na serikali mpya iliwapunguza polisi wengi wenye asili ya bara, watu waliofunzwa silaha na kujua ghala liko wapi, ikawaacha mjini bila kazi. Yeyote anayejua mambo ya ulinzi ataliona kosa hilo haraka. Alfajiri ya tarehe 12 Januari 1964 makundi yenye mapanga, pinde na fimbo yaliivamia kambi ya polisi Ziwani na ile ya Mtoni, yakapata bunduki, na hadi jioni serikali ilikuwa imeanguka. John Okello, aliyetangaza redioni kwa cheo cha Field Marshal, alikuwa amezuiwa kurudi nchini kabla mwezi Machi haujaisha. Waliobaki madarakani ni Baraza la Mapinduzi chini ya Abeid Amani Karume.

Jambo la kuzingatia ni hili: mpiganaji wa Januari 1964 hakuwa askari. Hakuwa na namba ya jeshi, hakula kiapo, hakuwa na faili. Cheo chake kilikuja baada ya tendo. Wajumbe kadhaa wa ile Kamati ya Watu 14 inayotajwa kuwa ndiyo iliyopanga Mapinduzi, kama Yusuf Himid na Seif Bakari, wakawa maofisa. Kikosi cha Zanzibar kikaingizwa katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, lililoundwa rasmi tarehe 1 Septemba 1964. Wengine walibaki raia wenye sifa. Kwao malipo hayakuwa pensheni. Yalikuwa nafasi: kazi, nyumba, kauli katika chama, na kwa baadhi eka tatu kutoka katika ardhi iliyotaifishwa, ingawa eka hizo walipewa pia maelfu ya wasio na ardhi ambao hawakushika hata fimbo usiku ule.

Kwa familia iliyopata eka tatu, skuli bila ada na chumba katika majumba ya Michenzani, mzee wa Mapinduzi ni mkombozi, na kila tarehe 12 Januari, uwanjani Amaan au Gombani, gwaride ni lake. Kwa familia iliyopoteza watu (idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo), au iliyokimbilia Mombasa, Muscat au Dubai, mzee huyo huyo ni jina lisilotajwa mezani. Pemba, ambako mapigano ya usiku ule hayakufika, Mapinduzi yalikuja baadaye kwa sura ya viongozi wapya na bakora za hadharani. Anayeshangaa kwa nini mnara mmoja wa Michenzani hupigwa picha za fahari na mtu mmoja na kupitwa kimya na mwingine, jibu liko hapo.

Kwa miaka mingi ni upande mmoja tu ulioweza kusema kwa sauti. Vyama vingi vilipoanza mwaka 1992, sauti ya pili ilitoka nyumbani ikaingia mikutanoni. Wanaosema watu "wamebadilika" kuhusu wazee wa Mapinduzi wanakosea kidogo. Wengi hawakubadilika, walianza kusikika.

Waliokwenda Uganda

Hapa mambo yananyooka. Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera na kushika eneo lote la kaskazini ya mto, kama kilomita za mraba 1,800. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alitoa tamko ambalo wazee wengi bado wanaweza kulisoma kwa moyo, la uwezo, sababu na nia. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, vita vikamalizika mwanzoni mwa Juni, na baadhi ya askari walibaki Uganda hadi 1981.

Wazanzibari walipigana humo pamoja na watu wa bara, katika vikosi vilivyochanganywa, chini ya amri moja. Yusuf Himid tuliyemtaja, wakati huo brigedia, aliongoza wapiganaji huko. Adui alikuwa wa nje, aliyeanza alijulikana, na hakuna mtaa wa Unguja uliokuwa na shangazi upande wa pili. Hata Pemba, ambako sare ya serikali haipokewi kwa shangwe, aliyekwenda Uganda anaulizwa habari zake kwa hamu. Katika vita vyote vilivyotajwa humu, hivi ndivyo visivyogombanisha baraza.

Ila heshima ya maneno haikwenda sambamba na ya mkononi. Nchi ilitakiwa kufunga mkanda miezi 18, na mkanda haukufunguka. Foleni za mchele, sukari na sabuni za mwanzo wa miaka ya 1980 ndizo watu wanazozikumbuka kuliko gwaride la kurudi. Tena jeshi lililopigana lilikuwa la aina mbili. Kulikuwa na askari wa kudumu, na kulikuwa na mgambo waliochukuliwa mashambani na maofisini, pamoja na polisi, magereza na JKT. Vita vilipokwisha, mgambo alirudi alikotoka. Wa kudumu aliendelea na ajira iliyozaa pensheni. Miaka 40 baadaye wanakaa benchi moja kwenye kahawa, wote "walikwenda Uganda", mmoja anapokea kila mwezi na mwingine hapokei. Majirani wasiojua tofauti hiyo husema serikali imemtupa huyu wa pili. Sheria inasema hakuwa mwajiriwa. Yeye anasema risasi hazikuuliza.

Kitaifa siku ya kuwakumbuka wote ni Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai. Utaratibu wake umepangwa kwa vitu vya jadi: Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mshale, na mwakilishi wa askari wakongwe huweka shoka. Visiwani siku hii hupita kimya kuliko 12 Januari. Kalenda ya Zanzibar ina shujaa wake.

Vikosi si jeshi

Mgeni huchanganya hapa, na hata wenyeji wengine. Ulinzi na polisi ni mambo ya Muungano. JWTZ ni moja, Unguja mpaka Kigoma. Lakini Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ina idara zake maalum, ambazo kila mtu anaziita vikosi: KMKM ya kuzuia magendo baharini, JKU ya kujenga uchumi, Mafunzo ambayo ndiyo magereza, Valantia, na Zimamoto na Uokozi. Mstaafu wa vikosi si mwanajeshi wa JWTZ, ingawa anavaa magwanda na anaitwa afande.

Mtazamo wa watu kwa vikosi ulianzia kwenye karafuu. Serikali ilikuwa mnunuzi pekee, na bei yake ilikuwa chini sana ya bei ya Mombasa, kwa hiyo kilo moja iliyovushwa usiku kutoka Pemba kwenda Kenya ililipa kuliko mavuno ya halali. Kulizuia hilo ndiyo kazi iliyoizaa KMKM. Kwa serikali huo ulikuwa ulinzi wa uchumi. Kwa mkulima wa Wete au Micheweni, askari wa boti alikuwa mtu aliyesimama kati yake na thamani ya shamba lake. Juu ya hapo pakaja uchaguzi. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 askari waliwafyatulia risasi waandamanaji wa CUF, chama cha upinzani, wengi wa waliokufa wakiwa Pemba, na watu zaidi ya 2,000 wakakimbilia Shimoni, Kenya. Tume iliyochunguza ilihesabu waliokufa 31. Mwenyekiti wake alikuwa Brigedia Jenerali mstaafu Hashim Mbita, mtu aliyeongoza kwa takriban miaka 20 sekretarieti ya Kamati ya Ukombozi ya Afrika. Mpiganaji wa zamani wa aina moja alipewa kazi ya kuhesabu maiti waliosababishwa na sare za aina nyingine. Chaguzi zilizofuata zilizaa majina ya mitaani ya watu waliodaiwa kupiga wapinzani, "janjawidi" mwaka 2005 na "mazombi" mwaka 2015, na majina hayo yaliwagusa hata askari ambao siku hizo walikuwa nyumbani wanalea.

Maridhiano ya Novemba 2009 kati ya CCM na CUF, na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 iliyokubali serikali ya pamoja, yalipunguza joto, si moja kwa moja. Mtu wa vikosi anapostaafu Pemba, ataishi vipi na jirani hutegemea zaidi mambo madogo: alisimama wapi siku ya uchaguzi, alizuia kipigo au alikiongoza, anasali msikiti gani. Halafu kuna mpira. KMKM, JKU, Mafunzo, KVZ (ya Valantia) na Zimamoto ni timu za Ligi Kuu ya Zanzibar, na mpenzi wa JKU hajiulizi kama anashangilia kikosi cha serikali. Kwa vijana wengi jina hilo lilianza kuwa la timu kabla ya kuwa la bunduki.

Aliyekwenda, akajenga

Tangu JWTZ ianze kutuma askari wengi kulinda amani, umezaliwa mstaafu wa aina mpya. Machi 2008 walitua Anzwani, Komoro, kumuondoa Mohamed Bacar, na kwa Wangazija wa Mji Mkongwe ile ilikuwa habari ya nyumbani kabisa. Tarehe 13 Julai 2013 saba waliuawa Darfur. Tarehe 7 Disemba 2017 kambi ya Semuliki, wilaya ya Beni (mji wa Kongo, si ngoma), ilishambuliwa na Watanzania 14 wakauawa, miongoni mwao Wazanzibari. Miili ilipofika Visiwani, watu waliojipanga kuipokea hawakugawika kwa chama.

Posho ndiyo inayozusha maneno. Umoja wa Mataifa hulipa zaidi ya dola 1,400 kwa mwezi kwa kila askari, lakini fedha hiyo huenda kwa serikali, si mfukoni mwa askari. Serikali ndiyo inayopanga kiasi gani kimfikie. Mtaani hesabu hii haijulikani. Watu wanaona bati jipya na tofali za saruji, wanasema "kaenda Kongo". Si husuda peke yake. Ni kipimo kipya: zamani aliyerudi alipimwa kwa alichokiona, sasa anapimwa kwa alichokijenga. Aliyerudi bila nyumba huonekana mzembe, na aliyerudi na usingizi mbovu au hasira za ghafla mara nyingi hupelekwa kwa mganga kabla ya hospitali, maana dhana ya jeraha la vita lisilo na kovu bado haijazoeleka.

Sanda, bendera na faili

Mahali ambapo jamii na jeshi hukutana ana kwa ana ni makaburini. Uislamu unahimiza maiti azikwe mapema, ikiwezekana siku hiyo hiyo. Heshima za kijeshi zinahitaji muda: kikosi kipewe taarifa, gwaride lipangwe, bendera na mpiga baragumu vipatikane. Kawaida mambo hupatanishwa hivi: maiti huoshwa, hukafiniwa na kusaliwa na watu wake, bendera hufunikwa juu ya jeneza njiani, kisha huondolewa kaburini, mwili hushushwa kwa sanda ndani ya mwanandani, viunza hupangwa, udongo hujazwa, na risasi za heshima hupigwa baadaye. Tatizo hutokea mwili unapotoka nje ya nchi ndani ya sanduku lililozibwa. Hapo shekhe ndiye husema kama utaoshwa, utatayamamishwa au utasaliwa ulivyo, na familia isiyotayarishwa mapema huishia kubishana na ofisa mbele ya watu.

Baada ya khitma huja fedha, na hapa ndipo mtaa unapotoa hukumu yake ya mwisho, si kwa marehemu bali kwa aliyemtuma. Mafao ya JWTZ hutoka Hazina, upande wa Muungano. Ya polisi na ya magereza ya bara hupitia PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma. Ya vikosi vya Zanzibar hupitia ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar. Pensheni Jamii iliyoanza Aprili 2016, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, ni ya kila Mzanzibari mwenye miaka 70 na zaidi, hata kama hajawahi kushika bunduki. Watu huchanganya hizi nne, wakafuatilia dirisha lisilo lao kwa miezi. Lakini warithi ni nani, hilo huamuliwa Zanzibar, kwa Kadhi na Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Faili liko bara, mgawanyo uko Visiwani, na mjane yuko eda.

Eda ni miezi minne na siku kumi, na kwa mjamzito hadi ajifungue. Mjane hatoki kuzungushwa maofisini, kwa hiyo lazima awepo msimamizi aliyechaguliwa katika kikao cha ukoo chenye muhtasari na sahihi. Huyo huanza na cheti cha kifo na barua ya sheha, kisha huthibitishwa na Kadhi. Hupeleka hati za ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na namba ya akaunti. Deni hutolewa kwanza, na wasia usizidi theluthi. Tuseme kilichobaki cha kugawa ni shilingi milioni 16.8, na marehemu ameacha wake wawili, mama mzazi, wana wawili na mabinti watatu, baba alishatangulia. Wake kwa pamoja hupata thumni, milioni 2.1, kila mmoja 1,050,000. Mama hupata sudusi, milioni 2.8. Zinazobaki milioni 11.9 hugawanywa mafungu saba: kila mwana milioni 3.4, kila binti milioni 1.7.

Hesabu yenyewe haigombanishi. Kinachogombanisha ni mke wa pili aliyeolewa karibu na kambi ya bara na hati yake haikuingia katika faili, au mtoto aliyeandikwa kwa jina la babu wa mama. Zaidi ya yote ni jina la marehemu mwenyewe. Aliandikishwa jeshini kwa majina matatu yaliyotamkwa na karani wa bara: Hamis badala ya Khamis, Shehe badala ya Sheikh. Kitambulisho cha Mzanzibari kinasema vingine, hati ya ndoa vingine tena. Kwa kompyuta ya Hazina hao ni watu watatu.

Tatizo hilo si geni. Husimuliwa kwamba Ujerumani Magharibi ilipoamua mwaka 1964 kuwalipa Waafrika wa Afrika Mashariki waliokuwa askari wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi waliofika Mwanza hawakuwa na karatasi, na ofisa akawapa ufagio mmoja mmoja awaamrishe kwa Kijerumani. Aliyeushika kama bunduki alilipwa. Hazina haina ufagio. Marekebisho ya jina hufanywa rahisi zaidi mhusika akiwa hai: anakula kiapo mwenyewe kuwa majina yote ni yake, anaweka sahihi, na nakala moja inaingia kikosini, moja kwa mwajiri au mfuko unaomlipa, na moja inabaki sandukuni pamoja na hati za ndoa zote, ile ya siri ikiwemo.